Alama za Usemi Mrima: Kutoka Hati za Kiarabu hadi Kitabu cha Kielektroniki

Kwa muda mrefu mwandishi wa pwani ya Mrima hakuzihitaji alama za usemi. Kuanzia Bagamoyo hadi Pangani, Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na msomaji alimtambua msemaji kwa vitenzi: akanena, akajibu. Ndiyo mila aliyoirithi Hemedi bin Abdallah el-Buhry, mtunzi wa utenzi wa vita vya Wadachi (Wajerumani) kutamalaki Mrima, vita vilivyoanza mwaka 1888. Kumwita mtu huyo asiyejua kuandika kwa sababu hakufungua wala kufunga usemi ni dhuluma.

Uchapaji ulikuja na wageni, na kila mgeni alikuja na alama zake. Mwaka 1868 mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, ambako Padre Charles Sacleux alifanya kazi yake kubwa ya kamusi. Mapokeo yao ni « ». Unguja, Askofu Edward Steere na Waingereza wenzake walichapa kwa alama zilizopinda juu ya mstari. Wajerumani, walioifanya Bagamoyo makao yao makuu hadi 1891, hufungua usemi chini na kuufunga juu: „ “. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Bagamoyo, aliandika kuhusu desturi za Waswahili, na maandishi yake yakachapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Katika miaka isiyotimia arobaini, pwani moja ilipokea mila tatu za uchapaji.

Utawala wa Kiingereza uliimarisha mila ya Kiingereza. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1930, ilisanifisha tahajia ya Kilatini, na ritifaa ya ng' ikabaki kuwa sehemu ya sauti. Hapo ndipo mkanganyiko ulipojificha. Taipureta ilikuwa na kitufe kimoja chenye alama iliyonyooka, kikitumika kama ritifaa na kama alama ya usemi, kufungua na kufunga. Kompyuta ziliurithi umaskini huo katika msimbo wa ASCII wa 1963. Unicode, iliyotoka 1991, ilitenga alama ya kufungua na ya kufunga, lakini ritifaa iliyopinda na alama moja ya kufunga usemi bado hutumia msimbo uleule.

Madhara yake yanaonekana leo katika vitabu vya EPUB, muundo uliopitishwa 2007. Mhariri akiiamuru programu igeuze alama moja zote kuwa mbili, ng'ombe hutoka ng"ombe. Tena anayetafuta neno ng'ambo kwa ritifaa iliyonyooka huenda asilipate lililoandikwa kwa iliyopinda. Programu hizo zilitungwa kwa lugha ambazo ritifaa si sehemu ya herufi.

Basi wahariri wetu waanze na ng': wazilinde zote kwanza, ndipo wageuze alama za usemi, kisha wasome kitabu kizima kwa macho yao.