Sehemu ya 4: Serikali ilikuwa wapi?

Mama zangu na wadogo zangu, juzi kliniki mama mmoja alinibana. "Nesi, dada yangu mkubwa alikufa 1998, kichanga chake kikamfuata. Mimi nameza dawa za bure na mwanangu hana virusi. Wakati ule serikali ilikuwa wapi?" Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu nusu nusu. Leo nakaa chini.

Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa 1983 mkoani Kagera, majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Watu wakauita ugonjwa Juliana, jina la nguo za magendo toka Uganda. Kufikia 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa na wagonjwa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI ukaanza 1988. Sasa shika hii: Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa tarehe 31 Desemba 1999. Piga hesabu, miaka 16! Hapo ndipo watu wanapogombana mpaka leo.

Wanaoitetea serikali wanasema nchi haikuwa na hela, na hilo ni kweli. Miaka ya 90 dawa za mtu mmoja kwa mwaka zilifika dola 10,000. Tena hatukulala. Hapa hapa Mwanza, 1991 hadi 1994, magonjwa ya zinaa yalitibiwa vizuri kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ilisoma matokeo hayo 1995. (Baadaye utafiti wa Rakai, Uganda, haukupata matokeo hayo, wataalamu wakavutana. Mimi bado najivunia zile zahanati.)

Wanaoilaumu wanataja watoto. Tangu 1994 ilijulikana kwamba dawa kwa mjamzito hupunguza sana maambukizi kwa mtoto. Kwetu huduma hiyo ilianza kwa majaribio 2000, hospitali tano tu, Bugando ikiwemo. Dawa za bure kwa watu wazima zilianza 2004. Dada wa yule mama hakufika huko.

Maoni yangu? La hela nawasamehe. La ukimya siwasamehei. Kikwete na Mama Salma walipima hadharani 2007, na kliniki tukaona watu wanakuja wenyewe. Jamani, hicho kitendo kilihitaji dola ngapi? Kingefanyika 1987 ingekuwaje?

Kilichomwokoa mtoto wa yule mama ni utaratibu wa 2013: mjamzito akikutwa na VVU anaanza dawa siku hiyo hiyo, za maisha. Ila sehemu kubwa ya hizo dawa inalipiwa na wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ghafla, simu yangu haikupoa, kuanzia mialoni hadi mjini, wote wakiuliza kitu kimoja: "Nesi, nimebakiza kopo moja, nifanyeje?"

Sehemu ya 5 naanzia hapo.