Johannesburg: Bomba la usukani na roho ya mwendesha baiskeli

Vita kati ya Makaburu na Waingereza vilipozuka mwaka 1899, Danie Theron, mwanasheria wa Krugersdorp, magharibi ya Johannesburg, aliunda kikosi cha matarishi wa baiskeli. Hoja yake ilikuwa wazi: baiskeli haili nyasi, na farasi waachiwe wapiganaji. Theron aliuawa Septemba 1900. Baiskeli ikabaki kuwa chombo cha kazi.

Usalama wa chombo hicho, msikilizaji, umo katika bomba la usukani, yaani shingo ya ule uma ushikao gurudumu la mbele. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 lilikuwa la chuma, limekatwa hesi kwa juu, na shina la usukani likatumbukizwa ndani na kukazwa kwa kabari. Uma ulipokuwa mrefu kuliko fremu, fundi alilikata bomba na kuongeza hesi kuelekea chini. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Hesi hupunguza unene wa bomba. Kabari ikitanuka penye hesi, ufa waweza kuanza bila kuonekana. Sharti kabari ikae chini ya hesi. Na bomba fupi halirefushwi kwa kuchomelea kipande. Hutafutwa uma mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Dia-Compe ilileta mfumo wa Aheadset, usio na hesi: shina hulibana bomba kwa nje. Kukata kukawa rahisi, na kukosea vilevile. Ncha ya bomba ibaki milimita chache chini ya kifuniko, la sivyo beringi hazikaziki. Ukikata kupita kiasi, shina halina pa kushika. Tena chuma mara nyingi hupinda kwanza, kikatoa onyo, ilhali alumini na kaboni zaweza kukatika ghafla. Mmarekani George Hincapie aliyaona hayo Aprili 2006 katika mbio za Paris–Roubaix, bomba lake la alumini lilipokatika akiwa kasini, akaanguka.

Qhubeka, shirika la hisani lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2005, limegawa baiskeli za Buffalo: nzito, za chuma, zenye kubeba hadi kilo 100. Timu iliyochukua jina lake, MTN-Qhubeka, ilishiriki Tour de France mwaka 2015 kwa baiskeli nyepesi za kaboni. Sisi tuliokulia penye bodaboda za Busia twajua ni ipi ingedumu barabarani kwetu. World Bicycle Relief, waundaji wa Buffalo, huwafunza pia mafundi wa vijijini kuitengeneza.