Tulishawahi Kutoka

Mahindi ya Uganda yakishusha bei, hapa Soy hukosi kusikia mtu akisema: si tutoke tu hii Jumuiya? Machi 2021 serikali iliyapiga marufuku, pamoja na ya Tanzania, ikitaja sumukuvu. Siku chache baadaye ikalegeza.

Lakini tulishawahi kutoka. Ama tuseme ilitufia mikononi. Jumuiya ya 1967 ilimiliki ndege, posta na reli, hata hii ya kwenda Kitale. Amin alipompindua Obote 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na marais watatu hawakukutana tena. Pesa zikagombaniwa. 1977 Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege. Tanzania ikafunga mpaka na kuzuia hata magari ya watalii. Mpaka ukakaa hivyo hadi 1983, mgao wa mali ulipokubaliwa. Waingereza angalau walipiga kura 2016, 52 kwa 48. Huku hakuna raia aliyeulizwa.

Mkataba wa sasa, wa 1999, unataka thuluthi mbili ya wabunge na notisi ya miezi 12. Kwa hivyo mkulima wa Soy apeleke hoja yake Bungeni, ambako wabunge wa wanaonunua unga ni wengi kuliko wa wanaolima mahindi.