Likizo Mjini Mombasa

Msomaji, ukijaliwa kwenda Mombasa wakati wa likizo, usiishie ufuoni. Anzia katika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe, ili wailinde njia yao ya bahari iendayo Bara Hindi. Mwaka 1696 Waomani waliizingira. Walipoitwaa mwaka 1698, njaa na maradhi vilikuwa vimekwisha kuwamaliza wengi wa waliokuwamo. Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela. Leo ni makumbusho, nawe utaona humo merikebu ambazo Wareno walizichora ukutani.

Kisha ingia Mji wa Kale. Simama mbele ya milango ya mbao, uitazame nakshi yake bila haraka. Ukiona njaa, nunua muhogo wa kuchoma. Asili ya muhogo ni Marekani Kusini, na Wareno ndio walioleta mmea huo Afrika. Haluwa nayo inatukumbusha Omani. Hata meza utakayolia, jina lake ni la Kireno.

Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Wageni waliokuja na mizinga hawakumponya mwenyeji. Walakini mwenyeji alichagua katika vitu vyao vilivyomfaa, akavifanya vyake. Wao wakaenda zao, yeye akabaki. Basi, uonjapo chakula cha mji ule, jiulize kimetoka wapi, na ni nani aliyekihifadhi mpaka kikakufikia wewe.