Shamba la Aprili

Wadau, mshikaji wangu wa chumbani hajatulia. Kaona Wamarekani wanahamia kaunti za porini, sola juu ya bati, kisima uani, basi naye anataka tuchange boom tununue lile shamba tuliloliona Aprili, kijani tupu. Nikamwambia subiri kwanza, kuna Cimarron huko Oklahoma.

Sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 karibu bure, akikaa na kulima miaka 5 (bure kwake, wenyeji walishafukuzwa). Mwaka 1878 John Wesley Powell akaonya: huko magharibi mvua mara nyingi haifiki milimita 500 kwa mwaka, shamba la mifugo linataka ekari 2,560. Nani alimsikiliza? Watu waliipima ardhi miaka ya mvua, wakang'oa majani yaliyoshika udongo, wakapanda ngano. Ukame wa miaka ya 1930 ukaja. Aprili 14, 1935 vumbi likafunika jua, mchana ukawa usiku.

Kwa hiyo boom yangu sitoi mpaka turudi kule Oktoba, tuwaulize wazee kisima kilikauka mwaka gani. Jamaa kanuna, hata chai hajanimiminia.