Soya ilikuja bila chungu chake

Wadau, leo tuzungumzie soya. Kwetu Gando, wilaya ya Wete, kunde na mbaazi ni wenyeji wa jikoni. Soya ni mgeni, na mgeni huyu ana masharti.

Huko China na Japani imeliwa karne nyingi, lakini si mbichi. Tofu hutokana na maziwa ya soya yaliyochemshwa. Waindonesia nao huzichemsha punje kwanza, ndipo waziumue kuwa tempe. Hawakungoja kemia iwafundishe.

Tanganyika soya iliingia mwaka 1907, Wajerumani walipoijaribu kwenye kituo chao cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Ilikuja kama zao la shamba. Mbegu ilifika, mapishi yakabaki kwao.

Miaka kumi baadaye, 1917, Wamarekani Thomas Osborne na Lafayette Mendel waliwalisha panya soya. Waliopewa mbichi hawakukua vizuri, waliopewa iliyopikwa wakakua. Kwa nini? Jibu lilichelewa. Mwaka 1945 Moses Kunitz alitangaza kuwa ametenga katika soya protini inayoing'ang'ania tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachokatakata protini ndani ya utumbo. Tripsini ikishikwa, chakula hakimeng'enywi sawasawa, na kongosho hulazimika kutengeneza nyingine. Kwa panya na vifaranga, kongosho lenyewe hukua kupita kiasi.

Dawa yake ni moto na maji. Joto huvunja umbo la kizuizi hicho, kikapoteza mshiko. Kuloweka kunasaidia joto kupenya, lakini peke yake hakutoshi. Kuanika juani ndiyo kabisa. Kuunguza nako si ujanja, maana huiharibu protini tunayoitafuta.

Sasa njoo kwenye unga wa lishe. Wapo wanaochanganya soya kavu, mbichi, na mahindi, mchele na karanga, moja kwa moja mashineni. Uji ukitokota kidogo mtoto anapewa, na mama anaamini amempa nguvu. Kumbe sehemu ya nguvu hiyo imefungwa! Njia sahihi haina gharama kubwa: chagua punje, zitie kwenye maji yanayochemka, zichemke kama nusu saa, osha, anika zikauke, ndipo usage.

Hakuna bibi wa Gando atakayempa mjukuu wake kunde mbichi. Soya nayo tuipikie hivyo hivyo.

Ninyi mnaosagisha lishe, mashineni kwenu huwa mnaulizwa kama soya imechemshwa?