Kadogo: Jina la Mtoto, Mzigo wa Mtu Mzima

(Muziki unashuka)

MTANGAZAJI: Leo katika kipindi cha historia tunafuata neno moja: kadogo.

Sisi tuliotoka Kasindi tukavuka Mpondwe, tukapita Bwera hadi Kasese, neno hili tunalijua. Nyumbani ni la kumbembeleza mtoto. Jeshini lilikuwa jina la mtoto aliyebebeshwa bunduki.

Mwaka 1985 waasi wa NRA wa Yoweri Museveni walifika milima ya Rwenzori. Kati yao walikuwemo makadogo. Januari 1986 waliingia Kampala. Miaka 10 baadaye, upande wetu wa mlima, AFDL ya Laurent-Désiré Kabila nayo ilichukua watoto. Jina likawa lilelile: kadogo. Walifika hadi Kinshasa, Mei 1997. Na Novemba 1996, ADF walishambulia Mpondwe na Bwera. Katika vita vyao wakateka watoto pia.

Je, makadogo walienda wapi?

Mmoja tunamjua kwa jina: China Keitetsi. Aliingia NRA kabla ya kutimiza miaka 10. Mwaka 1995 alitoroka Uganda, akafika Afrika Kusini. Mwaka 1999 alipokelewa Denmark kama mkimbizi. Huko akaandika kitabu cha maisha yake. Alichokuwa amekificha, akakisema mwenyewe, kwa jina lake.

Sheria nayo ilisema. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 kule Ituri. Angalieni vizuri: aliyehukumiwa ni mkubwa aliyetoa bunduki, si mtoto aliyepewa.

Ndugu yangu unayesikiliza ukiwa umenyamaza: ukimbizi ni wa raia, na aliyeacha silaha kabisa anaweza kuomba hifadhi. Yaliyokupata utotoni mweleze afisa wa ulinzi wa wakimbizi, faraghani. Usiyabebe peke yako.

Nasi majirani, kwenye foleni ya maji tusimnyooshee mtu kidole tukimwita muasi. Kadogo wa jana leo ni baba au mama wa mtu. Tumwite kwa jina alilopewa na mama yake.



(Muziki unapanda)